Nilivyomsomea Mjukuu Wangu Praima

Mwaka ule magoti yangu yalianza kukataa kushuka shimoni. Shimoni ni chini kabisa ya soko la Kariakoo, kwenye mazao ya jumla. Kizimba changu kilikuwa huko, nauza nazi na ndimu tangu enzi za foleni za sukari na sabuni. Ruksa ya biashara huria ilipokuja, kila mtu alikimbilia kuuza chupa za chai na redio za Dubai, na nyumba za mtaani kwetu zikaanza kubomolewa zipandishwe ghorofa. Mimi nikabaki na nazi zangu, na nazi haijishushi ngazi yenyewe.

Ndani nilikuwa na mjukuu mmoja, binti, niliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa amemaliza chuo, akapata nafasi ya kujifunza kazi kwenye maabara moja hapa mjini wanakochunguza malaria. Siku zile klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Unaimeza, unawashwa mwili mzima, na homa inarudi palepale. Wao walitaka kujua kijidudu kimebadilika wapi hata dawa haikiwezi.

Nilimwambia waziwazi, "Kazi hii ikikukubali, endelea nayo. Ikikukataa, unakuja kizimbani, mimi nakaa chini."

"Sawa, Bibi. Nakuahidi."

Kazi yenyewe ilikuwa kubuni praima. Nikamuuliza praima ni kitu gani, maana sikai nyumba moja na kitu nisichokijua. Akanieleza kwamba vinasaba vya kile kijidudu ni kama maandishi ya herufi nne tu, A, T, G na C, mstari mrefu usio na mwisho. Wao wanataka kipande kidogo cha mstari ule, wakitoe nakala nyingi kwenye mashine mpaka kionekane. Sasa mashine haijui kipande kiko wapi. Kwa hiyo unatengeneza vipande viwili vifupi vya herufi, kimoja cha kushika mwanzoni na kimoja cha kushika mwishoni, na kazi inafanyika hapo katikati. Vipande hivyo ndivyo praima.

"Ni kama kumwelekeza mgeni nyumba," akasema.

"Mgeni anaelekezwa kwa jina la mwenye nyumba."

"Humu hamna majina, Bibi. Kuna milango tu."

Za kwanza alizibuni peke yake, zikaagizwa Ulaya, tukasubiri. Zilipofika, zikamwumbua. Alirudi na picha ya majibu ya mashine; palipotakiwa mstari mmoja pamejaa mistari ovyo, mingine kama moshi. Akanieleza huku analia kwamba kijidudu cha malaria kimejaa A na T kuliko kawaida. Yeye alichagua mahali penye karibu A na T peke yake, na mahali pa namna hiyo pako kila kona, basi praima zikanata popote zilipopaona. Hapo nikamwelewa. Ni sawa na kumwambia mtu, njoo Kariakoo, nyumba ina baraza, mbele wanauza ndoo. Atabisha hodi ngapi?

"Mwalimu wako wa maabara amesemaje?"

"Ataniagizia mara moja tu nyingine. Zikikataa, kazi anapewa mtu mwingine."

Sikumbembeleza. Nilimwambia akanawe uso, aje ale. Lakini moyoni, nisiseme uongo, nilipumua. Niliona mtu wa kushuka shimoni amepatikana.

Jirani yangu wa kizimba, muuza vitunguu, mwanamke wa Kilwa mwenye mdomo, akaniuliza kesho yake, "Shoga, msomi wetu kafika wapi?"

"Yuko kwenye herufi."

"Eti? Chuo chote kile bado yuko kwenye herufi?"

"Nne tu. A, T, G na C."

"B iko wapi?"

"Haimo."

"Mlete kwangu nimfundishe B!" Akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Na mimi nikacheka, ingawa magoti yalikuwa yanawaka moto.

Safari ya pili binti akaja na makaratasi kutoka maabara, herufi zimepigwa chapa kuanzia juu mpaka chini bila nafasi ya kupumua. Alikuwa anataka mtu wa kumsomea wakati yeye anafuatisha kwenye nakala aliyoandika kwa mkono, kwa sababu herufi moja ikikosewa, hasa ya mwishoni, imekula kwake. Kule maabara kila mtu ana shughuli zake. Mimi nilijifunza kusoma kwenye elimu ya watu wazima, na herufi kubwa ndizo nizijuazo vizuri. Basi tukawa tunakaa uani baada ya alasiri, kabla mwanga haujaondoka, maana umeme ulikuwa wa mgao.

"A, T, A, A, T, T, T, A, T..."

Ukisoma hivyo kwa muda, ulimi unakauka na macho yanateleza. Unaona A inakimbia.

"Umeruka, Bibi."

"Sijaruka."

"Umeruka mstari mzima."

"Basi soma mwenyewe!"

Ananionyesha mstari kwa kidole. Kisha naanza tena juu.

Alikuwa anatafuta mahali ambapo G na C zimechanganyika vya kutosha, pasipofanana na kwingine. Akipapata, tunapiga hesabu ya joto: A na T digrii mbilimbili, G na C nnenne, unajumlisha. Jumla hiyo inakuonyesha kadiri ya joto ambalo likifikiwa praima itaachia iliposhikilia, na za pande mbili zisipishane sana. Praima ya mwishoni inageuzwa: penye A unaweka T, penye G unaweka C, na kinyume chake, halafu unaisoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

"Nani kapanga mambo haya?" nikamuuliza siku moja, kichwa kinaniuma.

"Mungu, Bibi."

Nikaendelea kusoma.

Alizitupa nyingi. Nyingine ncha zake zilikuwa zinashikana zenyewe kwa zenyewe, kama wasichana wawili waliotumwa dukani wakaishia kusuka nywele. Nyingine alizipeleka Posta, kwenye kompyuta za intaneti za kulipia, akakuta zinafanana na vinasaba vya binadamu, na damu ya mgonjwa ina vyote viwili, vya mtu na vya kijidudu. Anarudi amechoka, anakaa, ananipa karatasi. Naye ananikuta nimechoka. Nilijua ninachokifanya. Kila herufi niliyoisoma sawasawa ilikuwa inamwondoa kizimbani. Hata hivyo sikuweza kuisoma vibaya kwa makusudi. Sikulelewa hivyo.

Zikaagizwa. Tukasubiri tena. Wiki zile hatukuzitaja kabisa, tulizungumza mboga na mvua.

Siku aliyoleta majibu nilikuwa uani napepeta mchele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sema."

Aliniwekea picha mapajani. Karatasi nyeusi, na katika kila njia, moja kwa kila mgonjwa, kuna mstari mweupe mmoja, yote imesimama usawa mmoja.

"Ndio huu tu?"

"Ndio huu tu, Bibi. Ndio tuliokuwa tunautafuta." Kisha sauti ikashuka. "Mwalimu kasema nibaki. Na kizimba je? Nilikuahidi."

"Uliahidi ikikukataa. Imekukataa?"

"Hapana."

"Basi."

"Naweza kuja Jumamosi..."

"Jumamosi ufue nguo zako. Na ulale, umekonda kama uzi."

Nilitaka nimpigie kigelegele majirani wasikie. Pumzi haikuwepo. Nilimshika kichwa, nikamwombea dua fupi, nikamrudishia picha yake isije ikaingia vumbi la mchele.

Kisha nikamtuma kwa muuza vitunguu, amuulize kama yule mpwa wake wa kike aliyefika kutoka Kilwa bado anatafuta kazi, na kama anajua kuchagua nazi kwa kuigonga. Akarudi na jibu: kazi anaitaka hata kesho, nazi anajua kuila tu. Kulipokucha nikajifunga kanga, nikashuka shimoni na huyo mpwa polepole, nikamwekea nazi mbili mbele yake, nzima na mbovu, nikamwambia, "Gonga. Sikiliza."