"For good" ya dada wa Ukraine nusura inikoseshe kazi Muscat

Wakuu, salaam.

Haya yamenikuta mwenyewe hapa Ruwi, sijahadithiwa. Atakayeona ni chai, sukari aweke mwenyewe.

Mimi ni fundi nguo. Duka ni la Bi Zuwena, mama wa Kiomani ambaye ukoo wao ulitokea Unguja. Kiswahili chake kinanishinda mimi wa Morogoro.

Ghorofa ya juu yetu alihamia dada wa Ukraine, Oksana, anafundisha kuogelea hotelini. Kushona anajua kuliko anavyojua Kiingereza. Tukabadilishana: yeye ananikatia abaya, mimi namfundisha Kiingereza.

Nikapiga hesabu, nikairudia, nikaona faida iko kwangu. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Nani siku hizi anakubali bei ya kwanza?

Tulianza na "good". Akadhani ni neno la siku moja. Nikamwambia dada, hili neno halina adabu.

"A good hour" si saa nzuri, ni saa nzima na chenji juu.

"Good for you" ni hongera, ila ukiivuta kidogo inakuwa kebehi.

"As good as new" maana yake si kipya. Ukiisikia sokoni, shika pochi.

"For good" ni moja kwa moja, hakuna kurudi. Hiyo nilikuwa nimeiweka kiporo cha Jumapili.

Alhamisi akaomba ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo zisifumuke. Anamshonea rafiki yake shela, mashine atairudisha Jumamosi. Jumapili sisi wenyewe tulikuwa na abaya za harusi za kukabidhi.

Bi Zuwena akasema, "Mpe. Lakini dhamana ni wewe. Ikipotea, na wewe potea."

Ijumaa nikaenda mji wa Qurayyat kupima wateja. Narudi dukani, ovaloki imeshachukuliwa, na kwenye simu kuna ujumbe:

"I took machine. You are good man. For good! Oksana."

Soma tena. Mimi nilisoma tena.

Kachukua mashine. Moja kwa moja. Na sifa kaniachia.

Nikapiga simu, haipokelewi. Nikapanda juu, mlango umefungwa. Mlinzi ananiambia katoka na sanduku kubwa la safari.

Namba ya bosi wake ninayo. Nikijua kabisa kwamba nikibonyeza, yule dada kazi hana, na huku bila kazi kibali cha kukaa nacho kwisha. Nikarudi dukani, kidole kikiwa juu ya kitufe.

"Nnakuuliza," Bi Zuwena akasema, "alisema atarudi lini?"

"Jumamosi."

"Na leo?"

"Ijumaa."

"Basi tulia, baba. Hata mwizi mpe miadi yake."

Jumamosi baada ya Alasiri, Oksana huyo na sanduku lake. Ndani, ovaloki imeviringishwa kwenye taulo kama mtoto. Alikuwa akishonea kwa rafiki yake, simu hakuisikia kwa kelele za mashine hiyohiyo.

Nikamwonyesha ujumbe. Hii "for good" umeitoa wapi? Akashangaa. Kwao watu wakiagana husema "na vse dobre", yaani kwa mema yote. Yeye kageuza neno kwa neno.

Nikaanza kumpa somo palepale, kwamba hakuna binadamu anayeaga hivyo.

Bi Zuwena akaweka kikombe cha kahawa chini.

"We kila jioni ukitoka hapa waniambiaje?"

"Nakwambia kwaheri."

"Kwa nini?"

"Kwa... heri."

"Ala. Mbona mimi sijakuitia polisi hata siku moja?"

Wakuu, funzo langu ni hili: Kiingereza changu ndicho kilichonipoteza. Ningekuwa sikijui, ningemwelewa.

Ovaloki niliikagua mara mbili. Imerudi imetiwa mafuta na sindano mpya. Bado najiuliza anataka nini.

Kama na wewe ulishawahi kumhukumu mtu kwa neno moja, weka kisa chako hapa chini nisibaki peke yangu.

For good, wakuu.