Kumwiga Asiyeiga

Mwalimu wetu wa baiolojia alihamishiwa Kasulu kutoka Tanga, na wiki ya kwanza tu akataka kusalimia kama wenyeji. Kwetu Waha salamu ina mikono: mnaulizana habari za nyumbani huku mkipiga makofi taratibu. Madam akamwona bibi mmoja karibu na geti la shule, akamwambia "Mwakeye!" na kuanza kupiga makofi. Bibi akaitikia, naye akapiga. Tatizo, Madam hakujua makofi yanaishia wapi, akawa anasubiri bibi aache kwanza. Bibi naye, kwa adabu, hawezi kumwacha mgeni anapiga peke yake. Wakapiga weee, mpaka mwenye baiskeli ya ndizi akasimama kuuliza nani kashinda uchaguzi.

Sasa kitu kama hicho ukinionyesha mimi umeharibu. Niko kidato cha tatu, na somo pekee ninalofaulu bila kusoma ni kuiga watu. Kesho yake nilisimama mbele ya darasa nikawa Madam, kisha nikawa bibi, kisha wote wawili kwa pamoja. Watu walicheka mpaka machozi, halafu wakanyamaza ghafla. Sikuhitaji kugeuka kujua nani yuko mlangoni.

"Mimi sikuinama hivyo," Madam akasema. "Rudia."

Nikarudia, jasho linanitoka. Adhabu yangu ikawa karatasi nne alizozichapisha, makala kuhusu kazi ya mtaalamu wa ubongo anayechunguza jinsi watoto wanavyojifunza kwa kuiga. Ijumaa niisimulie darasani.

"Huo utundu wako una sayansi yake, msichana wewe. Kausome."

Niliisoma nikitafuta cha kuchekesha. Nikamkuta kima. Watafiti waliona kwamba kuna seli kwenye ubongo wake zinazoamka anaponyakua chakula, na zilezile zinaamka anapomwona mwingine ananyakua. Makala iliziita seli-kioo. Kwa binadamu, wataalamu bado wanabishana zinafanya nini hasa. Ila mtoto akitoa ulimi na mama yake akatoa wake, makala ilisema, hayo tayari ni mazungumzo, hata kama hakuna neno.

Karatasi ya nne ndiyo iliyonimaliza. Ilisema wapo watoto wasioiga, na kwamba kuna wataalamu waliojaribu kugeuza mambo: badala ya kumlazimisha mtoto aige, mtu mzima anamwiga yeye.

Ijumaa nilimsimulia kima vizuri sana, nikampa na mwendo wa mwalimu wa taaluma. Karatasi ya nne sikuisimulia. Hiyo ilikuwa ya nyumbani.

Nyumbani nina mdogo wangu wa miaka minne. Hasemi, haitiki, akiitwa hageuki. Hospitali walimpima masikio wakasema yako sawa. Mimi nimechekesha mpaka maiti wa mtaa huu, lakini yeye sijawahi kumpata. Januari darasa la awali walimkataa, mwalimu akisema watoto ni wengi, hatamweza. Mama anauza maharage sokoni, hawezi kushinda nyumbani. Akaamua: shule zikifunga Juni, mtoto anakwenda kwa bibi yetu Kumsenga, kule Kibondo, akakae huko.

"Kwa muda gani?" niliuliza.

"Mpaka atakapokuwa sawa."

Yaani moja kwa moja.

Basi nikachukua mfuniko wa sufuria. Mdogo wangu anao wake: anaugonga chini mara tatu, anauzungusha, anautazama mpaka ulale. Nikakaa pembeni yake, nikagonga mara tatu, nikazungusha. Hakuna. Kesho yake, hakuna. Mama akapita, akasema, "Mungu wangu, sasa wamekuwa wawili."

Siku ya nne mkono wake ulisimama hewani. Akatazama mfuniko wangu, kisha mikono yangu, halafu uso. Nilitaka kupiga kelele, nikajizuia. Akagonga mara mbili tu, akangoja. Nikagonga mara mbili. Akagonga moja, akangoja. Nikagonga moja. Halafu, akinitazama bila kupepesa, akajigonga mfuniko kwenye paji la uso. Dah. Nikajigonga na mimi, ko! Mtoto akacheka. Alikuwa ananijaribu! Akarudia mara tano, nami nikavimba paji zima, nikiwa na furaha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu mwenye heshima zake.

Mei nikamfuata mwalimu wa darasa la awali, nikamwomba ampokee mdogo wangu asubuhi moja tu.

"Akisumbua?"

"Nitakuwa mlangoni, Mwalimu. Nitachelewa shule kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu!" akasema, lakini akakubali.

Tulipofika, watoto walikuwa wanaimba. Mdogo wangu akapita katikati yao kama hakuna mtu, akauona mfuniko wa ndoo ya maji, akakaa nao pembeni. Gonga tatu, zungusha. Kuimba kukafa. Watoto wakageuka, na mmoja akaanza kugonga sakafu kwa kiganja mara tatu.

Nikadhani anamkejeli. Kejeli naijua, ndiyo kazi yangu. Lakini kwa sababu naijua, nikaona kitu: anayekejeli hamtazami anayemwiga, anatazama watu kuona kama wanacheka. Mimi nikiwa Madam macho yangu huwa darasani. Yule mtoto, kabinti kenye ndala za rangi mbili, hakutafuta kicheko cha mtu. Alikuwa anamtazama mdogo wangu tu, akingoja.

Mdogo wangu akagonga mara mbili. Kabinti kakagonga mbili. Akaja wa pili, akaja wa tatu, wakakaa wakimzunguka. Mwalimu alisimama na chaki mkononi kwa muda, kisha akavuta sketi yake, akaketi sakafuni, naye akagonga.

Tulipokuwa tunaondoka akaniambia, "Mlete na kesho. Wewe nenda shule."

Jioni Mama akampigia bibi, simu ikiwa kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye unga.

"Mama, mtoto haji tena. Anasoma."

Bibi akalalamika. "Na kitanda nimeshatandika! Basi nileteeni yule mkubwa, nasikia ana mdomo."

Mama akanitazama, akatazama na paji langu lililovimba tena.

"Huyo siwezi kukupa, Mama," akasema. "Huyo ana kazi hapa."