Ubao Usioonjwa

Arsalan Gaffar alikuwa fundi wa mbao za mawimbi, zile ambazo watu husimama juu yake wakateleza baharini. Karakana yake ilikuwa chumba cha chini cha nyumba yao ya Bondeni, mahali ambapo marehemu baba yake aliziba boti za faiba. Bondeni hakuna wimbi hata moja. Mbao zilimjia kutoka fuo za ng'ambo ya daraja, zimefungwa juu ya tuktuk, zina nyufa, mapezi yamevunjika, nta imeshika mchanga. Saliha, mkewe, aliziita wake wenzake. Akizikuta zimejaa ukumbini huuliza ni yupi kati yao mwenye zamu ya kupika leo.

Katika kazi ile kosa kubwa ni moja: kuziba ufa kabla maji hayajatoka. Ndani ya ubao mna sponji ngumu, na sponji hunywa. Ukiyafungia maji humo, jua likiwaka hutafuta njia, ngozi ya faiba ikainuka kama lengelenge, na siku moja ubao ukakatika miguuni mwa mtu aliye mbali na ufuo. Kwa hiyo Arsalan aliuosha kila ubao kwa maji matamu yanayouzwa kwa mkokoteni, kamwe si ya kisima, maana visima vya mtaani vina chumvi. Kisha aliusimamisha juu ya kitambaa, ufa ukitazama chini, akangoja. Kitambaa kikikauka, huweka mdomo kwenye ufa akafyonza. Chumvi ikija ulimini, bahari bado imo. Asipopata kitu ila hewa, ndipo huchanganya gundi. Watu wa barazani walisema hawajaona mume anayebusu kwa bidii kama ile. Hakuwajali. Aliwaambia wateja kwamba ubao utokao kwake ni mkavu, na neno hilo ndilo lililowaleta.

Mwaka huo Ramadhani iliangukia masika. Mwezi ulipokuwa umefika katikati, Dama Kiti alileta ubao wake mwenyewe, una ufa karibu na mkia. Dama alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, akifundisha vijana kupanda mawimbi. Akaeleza kwamba Jumamosi angeshindana, mara yake ya kwanza, na ubao huo aliurithi kwa mwalimu wake. Arsalan akamwahidi Jumamosi asubuhi.

Mvua haikumsaidia. Hewa ilikuwa nzito na kitambaa kilikaa na unyevu mpaka Ijumaa; baada ya swala ya alasiri alikishika akakiona kikavu. Lililobaki lilikuwa kuonja, naye amefunga. Wapo waliokwisha kumwambia kwamba kuonja bila kumeza hakubatilishi saumu. Yeye hakutaka kuingia katika shaka, na katika hilo hakukosea. Alikosea katika yaliyofuata. Angengoja magharibi, basi. Lakini baada ya magharibi kuna futari, na baada ya futari kuna tarawehe, na majirani walikwisha kumkataza kupiga msasa usiku. Akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, akausikiliza, akaubonyeza kwa dole gumba. Akajiambia ni mkavu. Akaziba.

Walipokuwa wakifuturu Saliha alimwuliza kama wa Dama umekwisha. Akajibu umekwisha, kabla ya adhana.

"Kabla ya adhana," Saliha alisema, akimsogezea tende. "Na uliuonja kwa kitu gani, mume wangu? Kwa sikio?"

Arsalan akasema kazi ya miaka mingi humpa mtu sikio. Saliha hakubishana. Alimmiminia uji. Msikitini, katika tarawehe, Arsalan alisimama na kurukuu pamoja na wenzake huku akiuona ubao mmoja ukiinuka juu ya wimbi.

Watu hupenda kulaumu ibada kwa yale yaliyofanywa na haraka. Saumu ilimtaka angoje. Kungoja ndiko alikokataa.

Asubuhi Dama alifika, tuktuk ikimsubiri nje. Ubao ulikuwa umeegemea ukuta, unang'aa, mahali pa ufa hapaonekani. Alipitisha kiganja chake juu yake, akacheka.

"Bwana Arsalan, mikono yako salama."

"Usiuchukue," Arsalan alisema. "Sikuuonja. Niliziba kwa kukisia."

Dama akamtazama. Akamwuliza kama maji yamo au hayamo. Arsalan akasema hajui, na kwamba hapo ndipo penye ubaya. Akamweleza kwamba ni lazima afungue kiraka, na kwamba yeye mwenyewe, kwa mfungo aliokuwa nao, hawezi kujua mpaka jioni.

"Fungua. Mimi sikufunga."

Arsalan akachukua patasi, akakibandua kiraka alichokipiga msasa hadi kikawa laini kama kioo. Dama akapiga magoti sakafuni, akaweka mdomo, akafyonza, akatema mlangoni. Akafuta midomo kwa mkono.

"Bahari," alisema.

Kisha Dama akasema, bila kupaza sauti, "Ungenipa, ningeupanda." Akatoka. Alishindana kwa ubao wa kuazima, akatolewa raundi ya kwanza.

Ubao ulibaki Bondeni mpaka baada ya Idi. Saliha aliuhamisha mwenyewe kila siku kuufuata upepo, akisema mke mwenza mgonjwa hutunzwa. Arsalan hakuuziba. Alimpelekea Dama habari kwamba ukiwa tayari kuzibwa atamwita aonje mwenyewe.

Alipoitwa, Dama alikuja. Arsalan akausogeza ubao mbele yake, ufa wazi, akarudi nyuma hatua moja. Dama akatazama ufa, akamtazama fundi, akaketi juu ya ngazi ya mlango.

"Ramadhani imekwisha, Bwana Arsalan. Onja wewe. Mimi nimekuja kungoja."

Arsalan akainama, akafyonza, mara ya kwanza, mara ya pili. Hewa tupu. Ndipo alipoichukua gundi akaanza kuikoroga, polepole, naye Dama akanyoosha miguu yake barazani.