Kigawo cha 30,031

Wifi yangu Agnella ni mbishi, na sisemi hivyo kumsifu. Yeye na kaka yangu Evod walianza kushindana hesabu wakiwa darasa la tano hapa Ifakara, wakaoana, na hawajaacha mpaka leo.

Mwaka tisini na nne Agnella alikuwa na mimba ya kwanza. Mama yetu Theresia alikuwa marehemu, nami nilitaka mtoto akiwa wa kike arithi jina lake. Agnella naye alikuwa ametoka kumzika mama yake, Digna. Yeye na Evod walibishana mpaka wali ukapoa. Mwisho Evod akachukua mkaa, akaandika ukutani 30,031.

"Zidisha mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja na kumi na tatu, halafu ongeza moja," alisema. "Namba za hivi ni tasa, hazigawanyiki. Mbili mara tatu, ongeza moja, unapata saba. Ukiingiza na tano, thelathini na moja. Zote tasa. Hii ukiipatia kigawo kabla hujajifungua, mtoto ni Digna. Ukishindwa, Theresia."

Nilicheka. Nilijua kaka ameshashinda.

Msimu ule tulihamia shambani Katindiuka kuamia ndege wasitumalizie mpunga. Wifi alikaa juu ya dungu, jukwaa letu la miti, tumbo mbele, mkono mmoja ukivuta kamba ya makopo, mwingine ukigawanya kwa mkaa juu ya mbao. Kumi na saba, inabaki. Kumi na tisa, inabaki. Alijaribu namba tasa tu, na hakuwa na haja ya kupita 173, maana kigawo kikubwa zaidi lazima kiwe na mwenzake mdogo, ambaye angekuwa ameshamkuta. Alifika 173. Hola.

"Kubali basi, wifi," nikamwambia.

Miguu ilikuwa imemvimba. "Mama yangu simwachi hivi hivi," alisema. Akafuta mbao zote kwa kanga mbichi, akaanza upya. Nilikasirika, nikamwita king'ang'anizi.

Safari hii, baada ya hamsini na tatu, akasimama. Ndipo alipokumbuka: mara ya kwanza kweleakwelea walitua hapo hapo, tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka, naye aliporudi kwenye mkaa akaendelea na sitini na moja. Hamsini na tisa aliiruka. Sasa akagawanya kwayo, akapata 509, haikubaki kitu.

"Wifi, njoo uhakikishe."

Nikapanda dungu. Nilizidisha mwenyewe 59 kwa 509, nikimwomba Mungu isitimie. Mara mia tano, 29,500. Mara tisa, 531. Nikajumlisha, nikafuta, nikarudia. Ikaja ile ile, 30,031. Iliniuma, sifichi.

Mtoto alizaliwa wakati wa mavuno, wa kike. Evod alinitazama mimi kwanza, akingoja nianze ubishi. Nikampokea mtoto kwa mkunga, nikampelekea mama yake.

"Shika, wifi," nikasema. "Digna ana njaa."