Mkufunzi wa Dawati la Nyuma

Katika chuo cha ualimu nilichosomea, mgeni alianza kuitwa mwalimu siku ileile aliyofika. Mlinzi wa lango alituita walimu tukiwa bado na magodoro kichwani, na mpishi alituita walimu alipokuwa akitukemea kwa kurudi mara ya pili kwenye foleni ya maharagwe. Nililipenda jina hilo, nikadhani tayari ni langu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka nyumbani Nyamira, kwenye mashamba ya majani chai, na alama nzuri ya hesabu ya kidato cha nne. Hesabu za darasa la pili kwangu zilikuwa kitu cha kufundisha huku unafikiria mambo mengine.

Muhula wa kwanza ulikuwa na mtihani mmoja tuliouogopa. Kabla ya kupelekwa shule ya msingi kusimama mbele ya watoto halisi, kila mmoja wetu alifundisha somo la majaribio, na wanachuo wenzake ndio walioigiza watoto. Ukishindwa ulipewa nafasi ya pili. Ukishindwa tena, wenzako walikwenda mashuleni kwa wiki tatu za mwisho wa muhula nawe ukabaki chuoni, uanze upya baada ya likizo. Tuliambiwa kwamba wengine waliobaki namna hiyo hawakurudi kabisa.

Tulifundisha kwa Kiswahili, kwa kuwa baadhi yetu walitoka mbali na hawakujua Ekegusii, lugha ya wenyeji. Na watu wazima wakipewa ruhusa ya kuwa watoto, huitumia vizuri. Mtundu kuliko wote alikuwa baba mmoja kutoka karibu na soko la Masimba, aliyekuwa amefundisha miaka mingi bila cheti. Aliomba kwenda chooni kila baada ya dakika tano. Asipoomba choo, alishtaki: "Mwalimu, huyu ananifinya." Aliyeshtakiwa kwa kawaida alikuwa msichana mpole aliyeketi madawati matatu mbali naye.

Mkufunzi wetu wa hesabu alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Kabla ya kuletwa chuoni alikuwa amefundisha madarasa ya chini upande wa Nyansiongo. Wakufunzi wengine walikaa nyuma na karatasi, wakiandika makosa yako. Yeye alivua miwani, akaitia mkobani, akaketi kwenye dawati la nyuma karibu na dirisha, na kuanzia hapo alikuwa mtoto. Hakuwa mtundu. Alikuwa yule mtoto ambaye kila mwalimu anamjua, anayekutazama kwa adabu na haelewi.

Siku yangu ilipofika, niliandika ubaoni 32 toa 17. Nikaeleza kwamba mbili haitoshi kutolewa saba, kwa hiyo tunakwenda kwa jirani, kwenye makumi, tunakopa kumi moja.

"Tukikopa tutarudisha lini, mwalimu?" akauliza baba wa Masimba.

Darasa likacheka. Nikawaambia waandike majibu. Mkufunzi akainua mkono na kusema jibu lake ni ishirini na tano.

"Sivyo. Ni kumi na tano. Huwezi kuchukua mbili ukatoa saba."

"Mimi nimeweza, mwalimu."

"Haiwezekani. Tazama ubaoni." Nikaeleza tena, maneno yaleyale, kwa sauti kubwa zaidi. Kisha mara ya tatu. "Umeelewa sasa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Jibu ni ngapi?"

"Ishirini na tano."

Kicheko kilichofuata kilinichoma. Nikamwambia, "Wewe kaa chini. Wenzako wameelewa." Akakaa. Akaweka kalamu chini, akaelekeza macho dirishani, na hadi kengele ilipolia hakuinua mkono tena.

Watu walipotoka, alivaa miwani yake akaniita.

"Nimekaa dakika kumi na tano bila mwalimu," alisema, bila ukali wowote. "Ulijua jibu langu si sawa. Hukujua nimelipataje. Rudi Alhamisi ijayo."

Nilitoka nimeudhika. Aliyenifungua macho ni baba wa Masimba, ambaye nje ya darasa alikuwa mtu makini. "Hiyo ishirini na tano mimi nimeisahihisha mpaka nikaizoea," aliniambia. "Mtoto anaona saba ni kubwa, mbili ni ndogo. Anachukua ile kubwa anatoa ile ndogo, anapata tano. Nyumbani kwenu mmewahi kutoa kikubwa kwenye kidogo?"

Basi nikajiandaa. Nilikata vijiti kwenye ua wa chuo, nikavifunga kumikumi kwa nyuzi za mgomba. Thelathini na mbili ikawa mafungu matatu na vijiti viwili. Mtoto atakayetaka kutoa saba ataona mwenyewe kwamba vile viwili havitoshi, na itambidi afungue fungu moja. Nilimfundisha mwenzangu wa bweni mpaka akaanza kunikwepa.

Alhamisi mambo yalikwenda vizuri. Vijiti vilikuwa mezani, nyuzi zilifunguliwa, na hata baba wa Masimba alisahau kuomba choo. Kisha mkono wa dawati la nyuma ukainuka.

"Ishirini na tano, mwalimu."

Nilikaribia kufurahi. Kosa hilo nilikuwa nimelijia na silaha. "Sikilizeni," nikaanza, "saba ni kubwa kuliko mbili, kwa hiyo..."

"Sikutoa mbili kwenye saba, mwalimu," alisema polepole. "Nimefungua fungu."

Nikatazama. Kweli, uzi wa mgomba ulikuwa umelala kando na vijiti vimetawanyika. Andalio langu la somo halikuwa na neno lolote la kusema hapo. Kwa mawazo niliona wenzangu wakipanda gari kwenda mashuleni, nami nimesimama langoni na mlinzi. Kwa kukosa la kufanya, nikaenda nyuma, nikachuchumaa kando ya dawati lake.

"Nionyeshe ulivyofanya. Tangu mwanzo."

Akanionyesha. Alifungua fungu moja, akachanganya vijiti kumi na vile viwili, vikawa kumi na viwili. Akatoa saba, vikabaki vitano. Mpaka hapo hakuna kosa. Kisha akaacha vijiti, akainua macho ubaoni ambapo ile tatu ilikuwa bado imeandikwa. "Tatu toa moja ni mbili," akasema. Jibu lilikuwa lilelile la wiki iliyopita, lakini amelifikia kwa njia nyingine kabisa.

Ulimi ulinituma nimwambie. Niliuzuia.

"Mafungu mangapi yako mezani?"

Aliyahesabu kwa kidole. "Mawili."

"Na kule ubaoni umesoma mangapi?"

"Matatu." Alitazama ule uzi uliolegea. "Moja nimeshalifungua," akasema. Akaikata ile tatu daftarini mwake, akaandika mbili, akatoa moja. "Kumi na tano, mwalimu."

Nilijua anaigiza. Hata hivyo furaha iliyokuwa usoni mwake niliipokea kama ya kweli, na mpaka leo naiona hivyo. Nimekutana na wasomi wengi tangu wakati huo. Wanaojua jibu ni wengi. Aliyekubali kuonekana mjinga mbele ya darasa zima, muhula baada ya muhula, ili mimi nijifunze kuuliza, ni yeye tu.

Kengele ikalia.

"Mtoto mmoja, hesabu moja," akasema baba wa Masimba akikusanya vijiti. "Kwa mwendo huu watamaliza darasa la nane wakiwa na mvi."

Nami nilidhani nimeshindwa. Mkufunzi alivaa miwani, akachukua andalio langu.

"Ulipanga hesabu tano."

"Ndiyo, Madam."

"Zile nne zitakungoja. Jumatatu uende shuleni Marani na wenzako."

Nilipopata pumzi nilimwuliza alijuaje kwamba jibu moja linaweza kutokana na makosa mawili tofauti. Alinipeleka ofisini, akafungua kabati. Ndani yake kulikuwa na madaftari ya watoto wa Nyansiongo, yamechakaa, kila moja limewekewa karatasi kwenye kurasa zenye makosa. Wengine huhifadhi kazi bora za wanafunzi wao. Yeye alihifadhi zenye makosa, na pembeni ya kila kosa alikuwa ameandika alichoambiwa na mtoto alipomwuliza. Aliniazima matano.

Jumamosi ilikuwa Sabato, nami ni Msabato, kwa hiyo nilisubiri. Jumapili niliketi kwenye nyasi nyuma ya bweni, nikafunika maelezo yake kwa kiganja, nikawa natafuta njia ya kila mtoto kabla ya kuisoma. Nyingi nilizipata. Moja ilinishinda: 41 toa 26, na mtoto ameandika 38. Nilipoinua kiganja, pembeni hapakuwa na kitu.

Jumatatu asubuhi, gari likiwa tayari linatungoja, nilimpelekea daftari hilo.

"Hiyo hata mimi sijaijua," alisema. "Siku ile nilimsahihisha bila kumwuliza, na nilipokuja kumwuliza alikuwa amesahau. Nenda, mwalimu. Ukimpata mwingine anayefanya hivyo, mwulize, kisha uje uniambie."