Nani Anapokea Wawili?

Siku hizi Magreti anaishi hapa kwetu Mikumi, nyuma ya mgahawa wa binti yake Happiness, pale malori ya kwenda Iringa yanapoegeshwa ili madereva wapate ugali. Ukimwamkia shikamoo ataitikia marahaba, kisha atakuuliza umetoka wapi na umelala kwa nani. Haulizi umelala wapi. Anauliza umelala kwa nani. Wanaomjua hawashangai, maana alikulia Munisagara, kwenye reli, katika kanisa lililokuwa na desturi ya kugawa wageni.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwaka, mwezi wa saba, mavuno yakishaingia ndani, makanisa ya Kianglikana ya ukanda ule yalifanya mkutano wa ushirika. Mwaka huu Kimamba, mwakani Munisagara, mwaka mwingine Tindiga au Kilosa mjini. Wageni walifika Ijumaa kwa treni, kwa baiskeli, wengine kwa miguu, ngoma za kwaya kichwani na watoto mgongoni. Gesti hazikuwepo, na hata zingekuwepo hakuna ambaye angethubutu kumpeleka mgeni wa kanisa huko. Baada ya ibada ya jioni, Mzee Yohana, mzee wa kanisa la Munisagara, alisimama mbele na kuita kwa sauti:

"Nani anapokea wawili? Nani anapokea mama na mtoto?"

Wenyeji walinyoosha mikono, na mgeni alibeba mzigo wake akaenda kusimama kando ya mwenyeji aliyempata. Hapo hapo watu waliokuwa hawajuani walianza kuulizana habari za shamba.

Mara ya kwanza Magreti kunyoosha mkono, alikuwa bado bibi harusi. Mumewe Makarius alikuwa kibarua wa reli, na nyumba yao ilikuwa chumba kimoja na kitanda kimoja cha kamba. Mzee Yohana alipouliza nani anapokea mama na mtoto, Magreti alinyoosha. Makarius, aliyekaa upande wa wanaume, alimkazia macho asiamini.

Walipotoka nje alimnong'oneza, "Tutawalaza wapi?"

"Kitandani."

"Na sisi?"

"Sisi ni wenyeji," alisema Magreti, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Jirani yao, Joha, alisikia kabla hawajafika mlangoni. Joha alikuwa Mwislamu na hakuwa na habari na mkutano wa kanisa, lakini alileta godoro la sufi na mkeka mpya, na asubuhi akaleta sahani ya vitumbua. "Wakirudi kwao wakasema Munisagara kuna njaa," alisema, "watakuwa wamenisema na mimi."

Mgeni mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mke wa mwinjilisti wa Tindiga, na mtoto wake hakuwa ametimiza mwaka. Usiku ule alikula kidogo, akashukuru, akalala. Magreti alimwona ana maringo. Kesho yake walikwenda pamoja mtoni kufua nepi, na wakiwa wameinama juu ya jiwe moja yule mgeni akaanza kulia, bila sauti, huku akiendelea kufua.

"Mama mwinjilisti, kuna nini?"

"Hicho hicho," alisema. "Mama mwinjilisti. Nimetoka kwetu Rungwe nimekuja Tindiga, mume wangu kila wiki yuko kwa wafugaji huko anahubiri, na mimi nakaa na watu wanaonicheka nikiongea. Tangu nifike hakuna aliyeniuliza jina langu."

Magreti aliona haya, kwa sababu na yeye alikuwa hajauliza. "Unaitwa nani?"

"Tumwagile."

"Ndiyo nini?"

"Kwetu maana yake tumempata."

Magreti alicheka, na Tumwagile naye akajikuta anacheka na machozi yangali shavuni. "Basi na sisi tumempata," alisema Magreti. Waliporudi nyumbani walikuwa wanaongea wote wawili kwa pamoja, na Makarius akauliza kama huyu ndiye yule yule wa jana.

Tangu mwaka ule hawakugawiwa tena. Mkutano ukiwa Munisagara, Tumwagile alishuka kwenye treni na kwenda moja kwa moja kwa Magreti, hata kanisani hajafika. Ukiwa Tindiga, Magreti alifanya vivyo hivyo. Mzee Yohana alikuwa akiwaona anasema, "Hao waacheni, wamekwisha kugawana wenyewe." Watoto wao walikua wakijua kwamba mwezi wa saba kuna mama mwingine. Barua hawakuandikiana kamwe. Mambo ya mwaka mzima waliyahifadhi, wakayamaliza kati ya Ijumaa na Jumapili.

Halafu ukaja mwaka wa mafuriko makubwa. Mto Mkondoa uliacha njia yake, ukapita juu ya reli na katikati ya nyumba. Nyumba ya Magreti ilikuwa ya matofali mabichi, na haikubomoka kwa kishindo kama anavyosimulia mtu wa mbali, iliyeyuka. Makarius alichukuliwa na kundi lililokuwa likitengeneza njia ya treni, na Magreti akabaki na Happiness, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili, kwenye hema la waathirika huko Kilosa.

Siku moja alisikia mtu anaita jina lake hema baada ya hema. Alipotoka alimkuta Tumwagile, matope mpaka magotini.

"Nimekuja kukuchukua," alisema.

"Unichukue hivi nilivyo? Sina hata kanga ya kubadili."

"Nimekuuliza kanga?"

Wakaenda Tindiga. Wiki za mwanzo Magreti aliona raha ya kulala pakavu, lakini baadaye mambo yakamwia magumu. Kuwa mgeni wa siku mbili alikuzoea. Ugeni usio na siku ya kuondoka hakuujua. Akaanza kusema ameshiba kabla hajala. Akawa anakaa pembeni, anaomba radhi kwa kila kitu, hata mtoto akikohoa.

Tumwagile alivumilia mpaka asubuhi moja alipomshika mkono akampeleka shambani, kwenye majaruba ya mpunga, akamwonyesha moja. "Hili ni lako. Utalilima wewe. Mchele wake utapika wewe." Kisha wakarudi nyumbani, akatundika shuka kukata chumba cha uani, akamwekea Magreti mafiga yake matatu, sufuria yake na mwiko wake. Jioni ile Magreti alipika mboga ya matembele. Alipokuwa akiipakua alisikia mtu upande wa pili wa shuka.

"Hodi hapa."

Alikuwa Tumwagile, amevaa kitambaa cha kichwani kama anayekwenda kanisani, anabisha hodi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Magreti aliweka mwiko chini. Kisha akajibu, "Karibu, mgeni. Kaa hapo. Habari za huko utokako?"

"Za huko ni njema," alisema Tumwagile, akakaa, akala sahani mbili.

Miezi ile ndiyo Magreti anayoisimulia zaidi. Alikuwa hana nyumba, mume yuko mbali, nguo alizovaa ni za kupewa, na hata hivyo akiikumbuka uso wake unalainika. Anazungumzia walivyokuwa wakifukuza ndege mpungani huku wakiimba, Tumwagile kwa Kinyakyusa na yeye kwa Kisagara, kila mmoja akipachika maneno yake kwenye sauti moja.

Baada ya mavuno Makarius alipata kazi ya ulinzi Mikumi, wakahamia huku. Miaka ikapita kama ipitavyo. Makarius akafariki, na mwinjilisti wa Tindiga akafariki. Mkutano wa ushirika haukufa, ila ulibadilika. Kwaya zinakuja na Coaster zenye muziki, chakula kinapikwa na watu wa tenda, na wageni wanalala gesti au wanarudi usiku huo huo. Magreti hasemi ni vibaya. Anasema tu kwamba zamani alikuwa anajua nani wa Kimamba anakoroma.

Mwaka jana mkutano ulikuwa kwetu Mikumi. Katibu wa kamati, kijana anayeitwa Valentino, alipita kumjulisha utaratibu.

"Na wangu ni nani?" aliuliza Magreti.

"Wako nani, bibi?"

"Mgeni wangu."

Valentino alieleza kwa upole kwamba vyumba vimeshalipiwa, kwamba wazee safari hii wapumzike. Magreti aliitikia. Kijana alipoondoka, Magreti alimwambia Happiness atoe godoro la akiba lianikwe juani. Happiness alitaka kusema neno, akaona bora aanike godoro.

Tumwagile alikuwa hajaja mkutanoni kwa miaka kadhaa kwa sababu ya miguu, na Magreti hakuwa na hakika hata kama yu hai. Habari zilizomfikia zilikuwa zimepita midomo mingi. Ijumaa jioni Coaster ya Tindiga ilisimama mbele ya gesti, abiria wakashuka, isipokuwa bibi mmoja kwenye kiti cha mbele. Valentino alimwendea, akamwamkia, akamwomba ashuke.

"Hapa ni kwa nani?" aliuliza bibi.

"Ni gesti, bibi. Chumba chako kiko tayari, kina choo ndani."

"Mimi sijaja kwa choo. Nipeleke kwa mama Happiness."

Alisihiwa na mchungaji, alisihiwa na wanakwaya. Aliweka mkongojo wake katikati ya magoti akatazama mbele. Mwishowe dereva alicheka, akawasha gari, na Coaster nzima, na bibi mmoja ndani yake, ikaja mpaka mgahawani.

Magreti alitoka kwa sababu alidhani ni wateja. Alisimama. Tumwagile aliteremka ngazi moja moja, dereva akimshika kiwiko, na alipofika chini alisema, "Umenenepa."

"Na wewe umekuwa mfupi," alisema Magreti.

Hawakulia sana. Walishikana mikono wakaingia ndani, na kwa muda mrefu wakawa wanatajiana majina. Mzee Yohana? Amelala. Joha? Alihamia kwa mwanawe, Kimamba, naye ametangulia. Yule wa ngoma kubwa? Yupo, ila hasikii. Baadaye wasichana wawili wa kwaya ya Kimamba walikuja kuuliza kama na wao wanaweza kulala hapo, maana karibu na gesti muziki wa baa ulikuwa mkali. Magreti aliwalaza kitandani kwake.

Jumapili Coaster iliondoka bila Tumwagile. Alikaa wiki nne. Walikwenda ibadani pamoja, walibishana kuhusu chumvi, walikaa jua la asubuhi wakiwatazama nyani wanaovuka barabara kama wenye mji. Mjukuu wa Tumwagile alipokuja kumchukua bibi yake, Magreti alimfungia karanga za kuchemsha na kumsindikiza hadi stendi. Hawakuahidiana mwakani. Wote wawili walijua miguu ile.

Ila Happiness alimnunulia mama yake simu ndogo ya vibonye, na sasa kila Jumapili baada ya ibada Tumwagile hupiga kutoka Tindiga. Huongea kwa kelele, kama mtu anayetaka sauti ifike yenyewe mpaka Mikumi, na walio mgahawani husikia yote: nani ameoa, nani amebatizwa, nani amezikwa, mvua imefika wapi. Wakishamaliza, Magreti hukaa kidogo na simu mapajani. Kisha humwita Happiness aje amwonyeshe pa kukatia.