Vifungo vya Shati Vilivyokimbiza Harusi

Jambo hili ningependa lisahaulike, lakini hapa mjini Kindu watu hawasahau, na hadi leo nikipita soko la mtaa wa Kasuku kuna mama mmoja muuza samaki ambaye huinua mikono juu na kuniuliza, "Fundi, leo wameingia tena?", halafu wenzake wanacheka mpaka wanashika mbavu, basi bora mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwake, maana yeye huongeza chumvi.

Mimi ni mfua fedha. Kazi nilifundishwa na marehemu baba, kisha vita vikanitoa hapa nikiwa kijana, nikafuata reli hadi Kibombo, nikajificha katika msitu wa Tunda, na baada ya hapo nikaishi katika miji mingi hata mingine nimesahau njia zake (miguu yangu haikai, hata sasa). Goma ndiko nilikojifunza kuchora vito kwenye ordinatere, yaani kompyuta, unakizungusha kitu mbele ya macho yako kana kwamba umekishika mkononi, na niliporudi Kindu na ordinatere yangu begani nilitembea kifua mbele, nikijiona fundi ambaye mji huu haujawahi kumpata.

Basi jirani yangu Mama Zaina akaja na bangili. Mwanawe Saidi alikuwa anaoa, na shati alilonunua lilikuwa la zile aina ambazo mikono yake haina vifungo, inataka vifungo vya kupachika, wenyewe tunaviita butoni za manshete. Bangili hiyo ya fedha Mama Zaina aliirithi kwa marehemu mama yake. Wakati wa vita aliizika ndani ya bonge la bugali, akalifunga kwa majani, akaingia nalo msituni, na waliomsimamisha njiani walichukua mbuzi, wakachukua sufuria na hata viatu, bugali baridi wakaliacha.

"Hii njo kitu moja tu vita viliniachia," akaniambia. "Fanya butoni za mutoto, aoe nayo. Lakini weye fundi, usiniharibie."

"Mama, ulale usingizi," nikamjibu. (Mimi ndiye niliyeacha kulala tangu siku ile.)

Nikachora. Vifungo nilivizungushia ukingo wa kamba iliyosokotwa, kama ile ya kwenye bangili, nikautuma mchoro Goma kwa rafiki yangu mwenye mashine inayotengeneza umbo lenyewe kwa nta, naye azitume nta kwa ndege. Kazi inayobaki ni ile ile ya baba: unaifunika nta kwa plasta, unaichoma, nta inayeyuka na kutoka, plasta inabaki kalibu, ndani yake nafasi tupu yenye sura ya kifungo, na humo unamimina fedha iliyoyeyushwa. Lakini mvua ilinyesha, ndege haikutua, na nta zilinifikia harusi ikiwa kesho. Plasta haitaki haraka. Ikibaki na maji ndani, fedha ya moto ikikutana nayo, inalipuka.

Baba alikuwa na kioo kidogo cha kujitazamia, alikiweka juu ya mdomo wa kalibu kabla ya kumimina. Kioo kikitoka jasho, anangoja. Asubuhi ya harusi kioo kile kilikuwa kwenye msumari, karibu na bega langu, nilikiona kabisa. Nje ngoma zilikuwa zinapigwa, pikipiki za taksi-moto zinapiga honi, na Saidi amesimama mlangoni mikono ya shati inaning'inia kama masikio ya mbuzi.

"Fundi, shehe anangoja. Tunangojea weye tu!"

"Iko tayari," nikasema, "ordinatere imeshapiga hesabu ya moto." (Hesabu ile niliipiga nikiwa Goma, nikidhani makaa yangu yatakuwa makavu.) Kioo nikakiacha palepale. Nikamwambia Saidi arudi nyuma, nikamimina ile bangili iliyokwisha kuyeyuka.

Kalibu likapasuka kwa mlio mmoja mkubwa. Sasa, kibanda changu ni mabati pande zote, na matone ya fedha na vipande vya plasta vilipoyapiga yale mabati, ilikuwa ta-ta-ta-ta-ta, ule mlio wenyewe wa bunduki. Nadhani akili yangu ilijua ni kalibu. Miguu haikuiuliza. Nilijikuta barabarani na koleo mkononi, nakimbia, na kutoka kifuani mwangu ikatoka sauti ambayo sikuwa nimeitoa tangu ujana:

"Wameingia! Wameingia!"

Hakuna aliyeuliza ni nani. Ngoma zikaanguka, shangazi za bwana harusi wakapandisha vitenge magotini, mpishi akakimbia na kifuniko cha sufuria kifuani, motari wakaacha pikipiki zinanguruma zenyewe, na sisi sote tukateremka hadi mto Lualaba kama tulivyoteremka zamani, kwa njia zile zile, maana hakuna aliyehitaji kuonyeshwa. Nikalala kifudifudi kwenye matope kati ya mitumbwi miwili. Nikasikia harufu ya msitu wa Tunda, naapa niliisikia, na nikaanza kusali nikichanganya maneno. Pembeni yangu bibi mmoja alikuwa ameziba mdomo wake kwa kiganja, kama tulivyowaziba watoto.

Hakuna risasi. Mwenye mtumbwi mmoja akainua kichwa.

"Fundi, uliwaona wapi?"

Nikalitazama koleo langu. "Ni... ni kalibu," nikasema.

"Kalibu njo nani?"

Lakini Mama Zaina alikuwa anateremka ukingoni polepole, nguo yake ya harusi imejaa matope, na hapo ndipo nikaogopa kweli kweli.

"Bangili yangu iko wapi?"

Mikono yangu ilikuwa na koleo tu.

"Mimi nilikimbia vita vyote nayo," akasema, wala hakupaza sauti. "Weye umekimbia mulio moja, umeiacha."

Watu wote walisikia. Ningefurahi mto unimeze.

Tulirudi. Wageni wa harusi wakapiga magoti na nguo zao nzuri, wakaokota matone ya fedha kwenye vumbi na kuyabandua kwenye mabati, Saidi mwenyewe akakuta tone kwenye kola yake. Katika kalibu kifungo kimoja kilikuwa kimetoka kizima, na kamba yake ya kusokotwa. Cha pili nilikifua kwa nyundo ya baba, tambarare, bila pambo, mji mzima ukiwa mlangoni. Saidi alioa na vifungo visivyofanana, mkono mmoja mfukoni.

Sasa simimini kabla kioo hakijabaki kikavu, hata aje nani mlangoni. Kuhusu miguu siwezi kuapa. Juzi tairi la lori lilipasuka karibu na kibanda, na nilipopata fahamu nilikuwa nusu ya njia ya mtoni, nahema, wale mama wa samaki wameshaanza kupiga kelele. Lakini ngumi yangu ilikuwa imefumbwa. Nikaifungua pale pale barabarani, mbele yao wote, nikakuta pete ya mteja niliyokuwa nikiifua.